Nyota Mpya Juu ya Haydom

Zaburi ya 147 ina mistari miwili jirani ambayo wengi wetu huipita haraka. Mstari wa tatu unasema habari za watu walioumia moyoni na jinsi Mungu anavyowauguza. Mstari wa nne, bila hata kuvuta pumzi, unahamia kwenye nyota: idadi yake Mungu anaijua, na hakuna hata moja isiyo na jina mbele zake. Sisi tunaoishi Haydom, mji uliokua kuizunguka hospitali ambayo wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei waliifungua mwaka 1955, tumezoea kuhubiri mstari wa tatu. Wagonjwa wanatoka Mbulu, Hanang, Mkalama, Iramba, hata bonde la Yaeda kwa Wahadzabe, na kila Jumapili tunawaombea. Mstari wa nne tulikuwa tukiuacha kwa washairi. Juni 2025 tulilazimika kuisoma yote miwili kwa pamoja.

Tarehe 12 ya mwezi huo, mtandao wa darubini uitwao ASAS-SN, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Ohio State cha Marekani na wenye kituo kimojawapo huko Afrika Kusini, ulinasa nukta ya nuru katika kundi la nyota la Lupus, yaani Mbwa Mwitu, mahali ambapo picha za awali hazikuonyesha kitu kama hicho. Ilikuwa nova. Baadaye iliandikishwa kwa jina V462 Lupi. Wakati inagunduliwa nuru yake ilikuwa ya kiwango cha 8.7, na kwa hesabu ya wanajimu wa kisayansi, namba ikiwa ndogo ndivyo nuru ilivyo kubwa. Jicho la binadamu, penye giza la kweli, hufika karibu kiwango cha 6. Siku chache baadaye nova ile iliuvuka mpaka huo, ikawa kama 5.6 hivi. Maana yake ni kwamba mtu asiye na chombo chochote, akiwa mbali na taa za mjini, angeweza kuiona kwa macho yake.

Habari hiyo ilitufikia kupitia mwalimu wa fizikia ambaye pia ni mwimbaji wa kwaya yetu. Mwezi ulikuwa umeshapungua na kuchelewa kuchomoza, na Juni kwetu ni kiangazi: mawingu machache, baridi kali, mahindi yamekauka mashambani. Tulikuwa watu tisa, tumejifunika mashuka na makoti, tukaenda nje ya mji ambako taa za hospitali haziumizi macho. Tulikuwa na darubini moja ya macho mawili, ile ambayo mmoja wetu huitumia kutazamia ndege, na ramani ya nyota kwenye simu.

Njia yenyewe si ngumu, na tunaieleza kwa sababu msomaji anaweza kuitumia kwa nyota nyingine. Kwanza tafuta Msalaba wa Kusini. Karibu yake, upande wa mashariki, zipo nyota mbili kali zinazouelekea, Alfa na Beta Centauri. Ukiendelea kutoka hapo kuelekea Nge, ambaye mkia wake kila mchungaji wa ng'ombe huku anaujua, utapita katikati ya nyota hafifu nyingi zisizo na sura ya wazi. Hapo ndipo alipo Mbwa Mwitu. Saa nne usiku kundi hilo lilikuwa juu upande wa kusini. Ilituchukua karibu saa nzima. Mmoja aliona, akampa darubini mwenzake, mwenzake akasema haoni, akaelekezwa tena, hatimaye akanyamaza, na kwa ule ukimya wake tukajua kwamba ameiona. Kwa jicho tupu vijana wawili tu waliweza kuiona, tena kwa kuitazama kwa pembeni. Kwa darubini sote tuliiona: nukta moja ndogo, mahali ambapo ramani haikuwa na kitu.

Katika siku zilezile nova nyingine ilitokea katika kundi la Vela, nayo ikaonekana kwa macho. Nova mbili za kuonekana bila darubini kwa wakati mmoja ni jambo la nadra, na habari yake ikaenea. Ilipofika kwetu kwa njia ya simu ilikuwa imeshabadilika. Ujumbe wa sauti ulizunguka katika makundi ya WhatsApp, wa mtu aliyejiita nabii, akisema kwamba nyota mbili mpya ni mashahidi wawili wa hukumu, kwamba mlima utashuka tena, na kwamba anayetaka familia yake ipone atume sadaka ya kusafishiwa nyota. Namba ya kutumia ilikuwa imetajwa mara tatu.

Kwa msomaji wa mbali neno la mlima linahitaji maelezo. Kusini mashariki mwa Haydom uko Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya mlima ule iliyokuwa imelowa maji ya mvua ilimeguka, ikageuka tope, ikashuka pamoja na mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Asubuhi ile makanisani mwetu tulikuwa tukiwasha mshumaa wa kwanza.

Basi katika ibada ya jumuiya, katikati ya juma, mama mmoja aliyefiwa na dada yake kule Katesh alitusubiri hadi wengine walipotoka. Alikuwa ameusikiliza ujumbe ule. Alikuwa ameshatenga fedha.

"Mchungaji," alisema, "mnasema mmeiona kwa macho yenu. Sasa niambieni. Inasema nini?"

Mchungaji anaweza kulijibu swali kama hilo kwa haraka na kwa ukali, akamkemea nabii wa uongo, akarudi nyumbani ameridhika. Lakini yule mama hakuuliza habari za nabii. Aliuliza kama Mungu, anayeweza kuwasha taa mpya mbinguni, alikuwa ameona vema kutomwonya dada yake. Tulimwomba atupe siku mbili, na asitume fedha kabla ya siku hizo kwisha. Alikubali.

Sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa kumweleza nova ni kitu gani. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake "mpya", na wa kale waliita hivyo kwa sababu walidhani nyota imezaliwa. Kumbe ni nyota ya zamani sana. Ni mabaki ya nyota kama jua letu iliyomaliza kuni zake, ikajikunja hadi kuwa na ukubwa unaokaribia ule wa dunia, ingawa uzito wake bado unalingana na wa jua. Wataalamu huiita kibete nyeupe. Ikiwa peke yake ingepoa kimya kimya. Lakini hii ina mwenzake, nyota nyingine inayozunguka nayo kwa karibu, na gesi ya haidrojeni hutiririka kutoka kwa mwenzake na kujikusanya juu yake, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Shinikizo na joto hupanda mpaka gesi ile inawaka kwa nguvu za nyuklia kwa ghafula na kutupwa angani. Nyota yenyewe haifi. Baada ya wiki au miezi nuru hufifia, na mkusanyiko huanza upya. Inakadiriwa kwamba makumi kadhaa ya nova hulipuka kila mwaka katika galaksi yetu, na kumi hivi hugunduliwa. Nyingi zimefichwa na vumbi au ziko mbali mno.

Jambo lililomgusa mama yule kuliko yote lilikuwa umbali. Nuru hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hata hivyo nuru ya nova hutumia maelfu ya miaka kutufikia. Mlipuko tuliouona Juni ulitokea kabla Katesh haijaitwa Katesh. "Kwa hiyo ilipolipuka dada yangu hakuwapo," alisema, "wala huyu wa kwenye simu." Tukasema ndiyo.

Lakini maelezo ya sayansi peke yake hayamwondolei mtu hofu, kwa sababu katika lugha yetu nyota si mwanga wa juu tu. Tunasema nyota ya fulani imefifia. Tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Matangazo ya waganga barabarani huahidi kusafisha nyota pamoja na kurudisha mpenzi na kuvuta mali. Hata kabla ya Injili kufika, watu wa nchi hii hawakuwahi kulitazama anga kama kitu kitupu. Wairaqw walilitumia neno Looa kwa jua na kwa Mungu, na kwa Wadatoga Aseeta vilevile ni jua na ni Mungu. Wakulima wa Kiswahili tangu zamani walihesabu majira kwa Kilimia, na Amosi naye anawaambia watu wake wamtafute yeye aliyekifanya Kilimia. Biblia haitukatazi kutazama juu. Inatukataza kuziogopa na kuziabudu, na ndilo onyo la Yeremia katika sura ya kumi: mataifa wakifadhaishwa na ishara za mbinguni, ninyi msifadhaike.

Kanisa letu la Kilutheri lina historia yake katika jambo hili, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1524 sayari zilikusanyika katika kundi la Samaki, na watabiri wa Ulaya walichapisha vijitabu vingi kwamba gharika inakuja. Haikuja. Mwaka uliofuata wakulima wa Ujerumani waliasi na maelfu kwa maelfu wakauawa, na Luther alisema kwa kejeli kwamba habari hiyo hakuna mtabiri aliyeitaja. Rafiki yake Melanchthon aliendelea kuamini unajimu wa bahati hadi mwisho, na Luther aliendelea kumtania.

Miaka kumi na miwili baada ya Melanchthon kufa, jioni ya tarehe 11 Novemba 1572, Mlutheri mwingine, Tycho Brahe wa Denmark, aliona nyota kali katika kundi la Cassiopeia ambako hapakuwa na nyota. Hakuyaamini macho yake. Aliwauliza watumishi wake kama nao wanaiona, kisha akawauliza watu wa kawaida waliokuwa wakipita. Wote wakasema wanaiona. Ndipo akaanza kuipima, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba iko mbali kuliko mwezi, mahali ambapo walimu wote walifundisha kwamba hakuna kinachobadilika. Leo tunajua kwamba ile ilikuwa kubwa kuliko nova, kifo kamili cha nyota. Nyingine kama hiyo ilionekana mwaka 1604, ikachunguzwa na Johannes Kepler, ambaye alisoma theolojia Tübingen akitaka kuwa mchungaji kabla ya kupelekwa kufundisha hisabati. Huyu Kepler, aliyeona kazi yake ya nyota kuwa njia ya kumtukuza Mungu, alinyimwa Meza ya Bwana na mchungaji wa Kilutheri mjini Linz mwaka 1612, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi Kanuni ya Makubaliano bila kusema neno kuhusu sehemu moja aliyoitilia shaka. Tulisoma habari hiyo tukiwa chuo cha theolojia, na tunaikumbuka kila mara mtu anapokuja na swali gumu. Mlango wa Chakula cha Bwana usifungwe na swali la mtu mwaminifu.

Tunalipenda hasa lile tendo la Tycho la kuwauliza wapita njia. Watu wadogo wana sehemu katika kazi hii mpaka leo. Tarehe 25 Mei 1925, kabla ya mapambazuko, mfanyakazi wa simu za maandishi huko Afrika Kusini aitwaye Watson alikuwa akienda kazini, akaona nyota asiyoijua katika kundi la Pictor. Alilijua anga kiasi kwamba mgeni mmoja hakuweza kumpita. Nova yake iliongezeka hadi ikawa miongoni mwa nyota kali za anga. Mchungaji Robert Evans wa Uniting Church nchini Australia aligundua supanova zaidi ya 40 katika galaksi za mbali kwa jicho lake na darubini ya nyumbani, kwa sababu alikuwa amekariri sura za galaksi zile kama mchungaji anavyozijua sura za washarika wake. Akikosekana mmoja anajua. Akija mgeni anajua.

Siku mbili zilipokwisha tulirudi kwa mama. Tulikwenda wawili, mchungaji na mzee wa kanisa, tukakaa jikoni kwake. Hapo tulifungua Luka 13, habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Yesu hakuwaambia wasikilizaji kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wengine, wala hakutaja ishara ambayo wangepaswa kuiona wakakimbia. Aliwageukia walio hai, akawaita watubu. Tulimwambia yule mama yale ambayo wataalamu wa serikali walieleza: mwamba dhaifu, maji mengi, mteremko. Tulimwambia kwamba hatuoni popote katika Maandiko kwamba dada yake alihukumiwa na mlima. Aliuliza tena kwa nini Mungu hakumwamsha mapema. Hatukuwa na jibu, na tulimwambia hivyo.

Hapa ndipo Luther anapotusaidia kuliko katika kejeli zake. Huko Heidelberg mwaka 1518 alifundisha kwamba anayetaka kumjua Mungu kwa kukisia kutokana na mambo makuu yanayoonekana hujikwaa, kwa maana Mungu amejificha mahali ambapo hatukutarajia, katika mateso na msalaba. Nyota ni kubwa, ni nzuri, inatufundisha kwamba Muumba yupo na kazi yake ina utaratibu. Ukiiuliza kama anakupenda, haitajibu. Jibu la swali hilo lilitoka kwa mtu aliyekufa mchana jua lilipotiwa giza, bila kushuka msalabani. Mamajusi wenyewe nyota iliwafikisha kwa mtoto, na walipofika walimsujudia mtoto, wakaiacha nyota.

Mama yule alilia. Kisha akachukua simu, akafuta ule ujumbe, akatuonyesha kwamba ameufuta. Zile fedha zilikuwa shilingi elfu thelathini. Alisema atazinunulia saruji ya kaburi.

Usiku huo alikuja kuiona. Nova ilikuwa imeanza kufifia na darubini ilihitaji mkono usiotetemeka, kwa hiyo kijana mmoja alisimama mbele yake ili aegemeze viwiko vyake kwenye mabega ya kijana. Alitazama muda mrefu kuliko sisi sote. Aliporudisha darubini alisema, "Ni ndogo." Halafu akauliza ile kubwa ya pembeni inaitwaje.

Kuanzia hapo tulifanya kazi ambayo watazamaji wa nyota hufanya kila mahali: kila usiku wenye anga safi kuilinganisha nova na majirani zake ambao kiwango chao kinajulikana, na kuandika daftarini kama inazidi hii au inapungukiwa na ile. Vijana wa kipaimara walipokezana. Wawili wakitofautiana, tunaandika yote mawili na majina yao. Tuliwafundisha hapo Amri ya Nane kwa namna ambayo darasani hatukuwahi kufaulu. Kuandika ulichokiona, si ulichotaka kukiona wala alichokiona mwenzako, ni kushuhudia kweli. Daftari lilikwenda hadi mwezi wa Julai, nuru ikishuka, mpaka darubini yetu ikashindwa.

Jambo moja zaidi tulilipata baadaye katika kusoma, na tumelisimulia hospitalini. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kwamba katika nuru ya nova iliyoonekana Desemba 2013 katika kundi la Centaurus, karibu kabisa na Beta Centauri, walitambua alama ya lithiamu. Sehemu ya lithiamu iliyopo ulimwenguni, basi, hupikwa katika milipuko hii na kutawanywa, na hatimaye kuingia katika udongo wa sayari kama yetu. Ndiyo iliyo katika betri ya simu iliyoubeba ule ujumbe wa kutisha. Ndiyo pia dawa ambayo kwa miongo mingi imewatuliza wagonjwa ambao akili zao hupanda kwa furaha isiyo na kipimo na kushuka katika giza la kutaka kufa. Kuna watu wanaolala usingizi mzuri usiku huu kwa sababu ya kidonge chenye asili ya namna hiyo. Mistari miwili ya Zaburi ya 147 imekaa karibu kuliko tulivyodhani.

Ndugu msomaji, ikiwa nawe ungependa kutazama, ipo nyota nyingine inayosubiriwa. Katika Taji ya Kaskazini kuna T Coronae Borealis, iliyolipuka mwaka 1866 na tena mwaka 1946, na tangu 2024 wataalamu wamekuwa wakisema kwamba wakati wake umekaribia. Ikilipuka itaonekana kwa macho bila shida, pengine kwa kiwango cha 2, kwa siku chache tu. Kutoka huku kwetu Taji hiyo huonekana upande wa kaskazini katika jioni za katikati ya mwaka. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 3,000. Nuru tutakayoiona iliondoka huko karibu na siku za Mfalme Daudi. Hakuna anayejua usiku wenyewe. Vijana wetu wamejifunza sura ya Taji, nyota saba zilizojipinda kama nusu ya bangili, ili wakiona ya nane watambue.

Itakapokuja, ujumbe mwingine wa kutisha utakuja nayo. Kabla ya kuusambaza, toka nje utazame kwanza, kisha ulizia jirani kama naye anaona. Na ukimkuta jirani huyo amefiwa, kaa naye kwanza. Nyota itangoja.